Maziwa Kabla ya Habari

Ndugu yangu Simeoni,

Amani ya Bwana iliyowafunika ninyi mliolala na ituzunguke na sisi tuliobaki macho. Nakuandikia nikiwa mezani kwangu hapa Beechmont, mtaani kwetu Louisville, kwenye dirisha linalotazama mlango wa nyumba yako, ng'ambo ya maegesho ya magari. Mbele yangu kuna kikombe cha maziwa ya moto. Binti yako Esperansi amekileta sasa hivi, amekiweka bila kunitazama usoni, amesema, "Kunywa kwanza, Baba Mkubwa," akarudi jikoni. Maziwa yameanza kushika utando. Sijayagusa.

Jana mchana ndugu yako Enoka alinipigia simu kutoka Columbus. Alisema, "Bon, mukubwa, kesho tunakuja kukusalimia tu." Nikamuuliza, wewe na nani? Akasema Debora yuko naye huko kwake, mtaa wa Linden, ametoka Buffalo kwa basi. Debora, dada yenu, ambaye tangu afike nchi hii hajaacha kazi yake ya kutunza wazee hata siku moja kwa ajili ya salamu tupu. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini yeye akaniuliza kama ninakula vizuri. Simeoni, Enoka hajapata kuniuliza swali hilo.

Nawe unajua kwamba ndugu yangu Yona, mtoto wa mwisho wa mama yangu, alibaki kule kwetu juu milimani pamoja na ng'ombe. Simu yake imenyamaza tangu mvua za kwanza.

Nitalifikia jambo hilo. Niache niende taratibu, kama tulivyokuwa tukitoka kituo cha basi kwenda kanisani, wewe ukinilaumu kwamba natembea kama ng'ombe mwenye mimba. Kwanza nikutolee habari ya kazi uliyonituma kwa binti yako, huko Korea alikokuwa akifundisha.

Ulinituma ukiwa kitandani hospitalini, pumzi ikiwa imebaki ya maneno machache. Ulinishika kidole gumba kama mtoto, ukasema, "Zakaria, asisikie kwa simu. Nenda. Umuketishe. Akule kwanza." Hukuwa na haja ya kunieleza. Kwetu mauti hayapelekwi kwa mtu aliyesimama, wala kwa mtu mwenye njaa, wala kwa mtu aliye peke yake. Wazee wetu waliona ni ukatili kumpiga mtu kwa neno la namna hiyo tumbo likiwa tupu, maana baada ya habari hatakula tena, na mwili utahitaji kitu cha kusimamia. Basi huketishwa, hupewa maziwa, huachwa amalize. Ndipo mzee hufungua kinywa.

Ulipokwisha kwenda, Enoka na Debora waligombana katika simu moja, mimi nikiwa katikati. Enoka alisema dunia imebadilika, mtoto aambiwe leo apande ndege leo. Debora akamjibu kwa sauti ambayo sijaisahau: "Weye Enoka, umesahau bibi ya binamu yetu? Walimwambia kwa telefone akiwa kazini. Alitoka inje na simu mukononi, akaingia mu barabara kama kipofu. Unataka na huyu?" Tukakubaliana niende, na wewe ukabaki unangoja katika nyumba ya maiti, katika ubaridi ule. Mchungaji alisimama madhabahuni akaamuru mtu yeyote asiweke picha yako mitandaoni. Vijana wetu, wasiotii hata amri ya kuzima simu wakati wa sala, safari hii walitii wote. Utii ule ulinitia hofu kuliko kilio.

Nilimwambia Esperansi kwa simu neno moja tu, nalo lilikuwa kweli: naja kuuona mji ambao baba yako hakuchoka kuusimulia. Alipiga kelele za furaha. Kisha akauliza, "Na Baba? Mbona hapokei?" Nikasema, tutazungumza nikifika. Hakuuliza tena. Nilipoweka simu chini niliona kwamba kunyamaza kwake kulikuwa kwepesi mno.

Sasa nikuambie juu ya mji wako. Ni wako, maana jina la Gyeongju ulijifunza kulitamka kabla hujaweza kutamka jina la barabara yetu wenyewe. Kila Esperansi alipokutumia video uliipitisha katika basi zima, kwa watu wa zamu ya ghala waliochoka, ukisema, "Tazameni! Milima ya kwetu imefuata watoto wake mpaka Korea." Watu walicheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umekwisha kupanga kwenda majira ya maua, ukaniambia utabeba na fimbo yako ya kuchungia.

Binti yako alinipokea uwanja wa ndege wa Busan kwa namna ya kwetu, mikono yake juu ya mabega yangu, akiuliza habari za watu mmoja baada ya mwingine: za Enoka, za Debora, za mchungaji, za jirani mwenye mbwa. Jina lako alilitaja mwisho, kwa sauti ya kawaida, nami nikainama kushika sanduku langu. Tukapanda basi la kwenda Gyeongju. Njia nzima alinionyesha vitu dirishani. Sikuona kitu.

Jioni ile alinipeleka kula. Huko huketi chini, na mezani huletwa majani mabichi ya kufungia wali na nyama, pamoja na visahani vidogo vya mboga, vingi hata viwiko vikakosa mahali. Alikuwa na furaha. Alinifundisha kushika vijiti, akanicheka vilipoanguka, akasema vidole vyangu ni vya kukamulia tu. Alifunga tonge lake katika jani, akalinyanyua, kisha akasema, "Baba Mkubwa, kuna kitu nataka kukuuliza." Nami, kwa haraka, kwa mazoea ya miaka yangu yote, nikajibu, "Kula kwanza, binti yangu."

Mkono wake ulisimama hewani. Akaliangalia jani lile. Akalirudisha sahanini polepole, kama mtu anayeweka yai, akatabasamu akasema, "Nimeshiba. Nilikula shuleni." Akanisukumia visahani vyote upande wangu. Nami, mjinga, nikala.

Asubuhi alinipeleka kwenye milima yako. Simeoni, hukukosea. Ni mviringo uleule, ni nyasi zilezile fupi kana kwamba kundi limepita jana, na jua linateleza juu yake kama linavyoteleza kwenye mgongo wa ndama. Nilisahau nilichobeba. Nikasema kwa sauti, "Hapa ng'ombe wangeshiba!" Esperansi akasimama.

"Baba naye alisema hivyohivyo," akasema. "Sikumwambia kitu. Hii si milima, Baba Mkubwa. Ni makaburi. Ndani ya kila mmoja kuna mfalme."

Nikamuuliza kwa nini alikuficha. Akasema, "Alifurahia sana yale majani. Ningemwambia namna gani?"

Nikatazama tena. Nyumba, maduka ya mikate, watoto wa shule wenye mifuko mgongoni, mzee anayefagia mbele ya mlango wake, wote wanaishi katikati ya vichuguu vile, na vichuguu vinawatazama kwa juu. Uliniagiza nimpelekee mtoto wako mauti, nami nikakuta yamekwisha kufika mbele yangu, yameketi, yameota nyasi. Nilishika fimbo yangu kwa mikono miwili. Upepo ulipita juu ya nyasi bila sauti.

Tangu hapo alinizungusha kana kwamba kuna mtu anatufukuza. Tulikwenda kwenye ziwa dogo lenye nyumba za wafalme, ambapo taa za jioni huyageuza mapaa juu chini majini. Tulikwenda kwenye hekalu lao kubwa. Mimi nilibaki langoni kwa ajili ya dhamiri yangu, naye akabaki nami, akanieleza mambo ya ndani kwa kidole. Tulipanda basi la kutoka mjini mpaka kijiji cha nyumba za nyasi, ambamo bibi mmoja alitupa matunda mekundu ya majira ya baridi, na Esperansi akayatia yote katika mfuko wangu wa koti. Kila mahali aliinua simu yake, akasema, "Hii ni ya Baba." Alizungumza nawe humo: Baba, ona huu mlango. Baba, ona huyu ng'ombe, ni wa rangi ya udongo kama wale wa mama yako. Mimi nilikuwa nageuza uso nisiingie katika picha.

Wala hakula. Hakula mbele yangu hata mara moja. Alisema ameshiba, alisema tumbo linamsumbua, alisema atakula baadaye. Uso wake ulianza kuchongoka. Nami nikawa na shida ambayo chuo cha Biblia hakikutufundisha, si wewe wala mimi: nitasemaje na mtu asiyekula?

Enoka alikuwa akipiga simu. "Amekula?" Nikasema, hajala. "Donc unafanya nini huko, mukubwa? Utalii?" Nikavumilia. Baadaye akapiga tena, sauti imekuwa ngumu: siku ya maziko imekwisha kupangwa, watu wa Columbus wamekwisha kuomba ruhusa kazini, na kama sitasema, atampigia mwenyewe. Debora akaingia katikati: "Mupikie! Mupikie maharagi. Hakuna mutoto wa kwetu anakataa maharagi."

Basi nikapika, mimi mzee, katika chumba chake kidogo, kwenye jiko linalolia kama simu kila unapoligusa. Harufu ikajaa. Esperansi akaingia, akafumba macho, akasema, "Ah, Baba Mkubwa, umenirudisha nyumbani." Nikampakulia. Nikamvutia kiti. Akakitazama kiti, akatazama sahani, akatazama mikono yangu. Kisha akafungua dirisha, akasema amesahau kununua chumvi, akatoka. Chumvi ilikuwa mezani.

Ndipo nikafahamu. Nilikaa mbele ya sahani ile. Wewe na mimi tulifundishwa habari za yule mfalme aliyekataa chakula mtoto wake alipokuwa akiugua, akala alipoambiwa kwamba amekufa. Binti yako alikuwa amefunga saumu ya namna hiyo, ila yeye hakuwa akimwomba Mungu peke yake; alikuwa akinifunga mimi kinywa. Alijua kwamba mzee Zakaria hatavunja desturi. Maadamu yeye hajala, mimi siwezi kusema. Na maadamu mimi sijasema, baba yake yu hai. Alikuwa amekushika duniani kwa njaa yake.

Nilitoka nikamfuata. Nilimwona upande wa pili wa barabara, amesimama chini ya taa ya duka, hanunui kitu. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, tayari. Nikalimeza. Si kwa ajili ya desturi tu, Simeoni. Nilikuwa nimeanza kupenda kukaa katika nchi ambayo wewe hujafa.

Siku iliyofuata alivaa koti la kanisani. Akasema, "Kuna mahali pamoja pamebaki, mbali kidogo na mji." Basi lilipita katikati ya milima yenye misonobari, likashuka upande wa pili, na bahari ikatokea, ya kijivu, isiyo na urafiki. Ufuko wake si mchanga bali ni mawe meusi ya mviringo, na kila wimbi likirudi mawe hayo husagana kama meno. Karibu na ufuko, ndani ya maji, kuna miamba michache. Akaniambia hiyo nayo ni kaburi. Mfalme mmoja aliagiza asizikwe mjini pamoja na wenzake, azikwe baharini, ili awalinde watu wake na adui atakayetoka huko. Ndege walikuwa wamejipanga juu ya miamba. Wanawake wawili walikuwa wamepiga magoti wakisali kuelekea maji, mshumaa wao umewekwa ndani ya ndoo upepo usiuzime.

Esperansi alipiga picha ya mwisho. Hakusema ni ya nani. Akaweka simu mfukoni, akaketi juu ya mawe, akalinyoosha gauni lake vizuri kama alivyofundishwa na mama yake. Akafungua begi, akatoa boksi la maziwa alilonunua kituoni. Akanywa. Alikunywa polepole, bila kupumzika, koo likipanda na kushuka, mpaka boksi likabonyea. Akaliweka chini, akaweka jiwe juu lisipeperuke.

"Nimekula, Baba Mkubwa," akasema. "Nimekaa. Sasa sema."

Nami nikaketi. Nikasema. Sikusema vizuri, maneno niliyoyapanga kutoka Louisville yote yaliniacha. Nikasema tu kwamba umelala, kwamba hukuwa na maumivu mwishoni, kwamba jina la mwisho ulilotaja lilikuwa lake.

Hakupiga kelele. Aliyatazama maji. Kisha akasema, "Mama alipokufa pia ulikuwa ni wewe. Ulinipa kikombe cha kijani. Nilikunywa haraka kwa sababu kilikuwa kitamu." Simeoni, nilikuwa nimesahau. Alikuwa mdogo, miguu yake haifiki sakafuni, na wanawake walikuwa wamejaa jikoni wakijizuia kulia. Ni mkono huu uliompa kikombe. Tangu siku ile mtoto wako hakunywa maziwa nyumbani kwangu hata mara moja, nasi tukadhani ni mambo ya Wamarekani, kwamba maziwa yanamdhuru. Tulicheka hata!

Akauliza, "Mumekwisha kumuzika?" Nikasema, bado, anakungoja. Hapo ndipo alipolia, kwa sauti ya kwetu, ile ndefu. Wale wanawake wawili waligeuka. Mmoja alikuja, akaketi nyuma yake juu ya mawe bila kusema neno, akamwekea kiganja mgongoni, na hakukiondoa mpaka kilio kilipokwisha. Nami niliyeogopa kwamba huko hatakuwa na watu.

Tulifika kabla ya siku ya maziko. Ulizikwa vizuri. Watu walitoka Columbus kwa magari mengi, na Debora alileta wanawake wa Buffalo waliokuimbia mpaka sauti zikakauka. Udongo ulipowekwa na ule mkeka wa nyasi wanaotandika makaburini hapa ukakunjuliwa juu yako, Esperansi alipiga magoti, akasema kwa sauti ndogo lakini niliisikia: "Baba, ile milima ni makaburi. Samahani sikukuambia." Enoka akaniuliza amesema nini. Nikamwambia ni neno la baba na mtoto.

Tangu siku hiyo yuko katika nyumba yako; ameomba likizo mpaka matanga yaishe. Anazitazama zile video peke yake. Katika basi letu kiti chako hukaliwa na mtu yeyote, nami bado nahama kidogo kukupisha. Fimbo yako iko nyuma ya mlango wangu.

Gari la Enoka limeingia sasa hivi katika maegesho. Debora ameshuka kwanza. Amejifunga kitenge juu ya suruali, na hajanyanyua macho kuelekea dirishani, yeye ambaye siku zote hunipungia mkono kutoka mbali na kuniita "kijana." Wamesimama kando ya gari. Wanazungumza. Hawaji bado. Wanampa mtu nafasi ya kumaliza kunywa.

Esperansi amesimama kwenye mlango wa jikoni. Anakitazama kikombe, hanitazami mimi. Sasa najua ilivyokuwa upande wake wa meza. Maadamu sijanywa, Yona anashuka na ng'ombe wake kwenda mtoni, amevaa lile koti nililomtumia, anawatukana kwa majina yao. Ningeweza kusema nimeshiba. Ningeweza kutoka kununua chumvi.

Lakini mtoto wako yuko hapo mlangoni, na kazi hii amepewa akiwa bado hajamaliza kilio chake mwenyewe. Sitamngojesha.

Lala, ndugu yangu, mpaka tutakapoitwa pamoja. Nami nakuahidi hili, kwa Mungu aliyetupandisha na kutushusha milima ile: nitamwita Esperansi mezani kwangu katika siku zisizo na habari yoyote. Nitampa maziwa siku ambayo hakuna aliyekufa, na siku nyingine, na nyingine, na akimaliza nitafungua kinywa na kumuuliza kama mvua imenyesha. Mpaka kikombe kirudi kuwa kikombe.

Maziwa yamepoa. Nimeyanywa yote. Sasa naweka kalamu chini, niketi vizuri.

Ndugu yako,
Zakaria